Unyayo wa Kuku Chini ya Sahani ya Hakimu

Nchi hiyo ilikuwepo juzi tu, na waliomo wanasema bado ipo. Jina lake halina haja ya kutajwa, maana yenyewe hujitaja redioni kutwa nzima. Ilikuwa nchi ya amani. Aliyesema haina amani alipelekwa mahali penye amani zaidi, akakaa huko mpaka akakubali.

Basi mwaka mmoja serikali ya nchi hiyo ikatangaza kwamba imemaliza kulipa madeni yake yote. Yalikwishaje, hakuna aliyeambiwa, lakini tangazo lilisomwa mara tatu, na huko jambo likisomwa mara tatu huwa kweli. Ikaamriwa kila mtaa ufanye Sherehe ya Kutodaiwa, yenye turubai, muziki na hotuba. Na kwa kuwa hazina ilikuwa tupu, maana madeni yamelipwa, sherehe ikafanywa kwa mkopo.

Viti vilitoka kwa Bwana Bakunda. Huyu alikuwa na viti vyeupe vya plastiki visivyohesabika, na shemeji mmoja wizarani. Shemeji alitosha.

Katika Mtaa wa Chini, mtu wa kwanza kufika kwenye sherehe alikuwa Bi. Mwajabu. Si kwamba alipenda hotuba. Alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye magoti yanayolia, akaona awahi asalimie, aonekane, kisha arudi kwake kuchambua mchele. Askari akamshika bega kwa upole.

"Bibi, hakuna kuondoka kabla ya mgeni rasmi."

"Atafika saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Mgeni rasmi alifika saa kumi jioni, akaomba radhi kwa kuwahi. Akahutubia mpaka jua likachoka. Muda wote huo Bi. Mwajabu alikaa kwenye kiti cheupe cha Bwana Bakunda, miguu ikafa ganzi, mkojo ukabana, na kila alipoinuka askari akamkalisha. Mpiga picha wa gazeti akampiga akiwa ameuma meno. Kesho yake picha ikatoka, na chini yake maneno: *Mwananchi akifurahia.*

Miezi sita ikapita. Bwana Bakunda akadai fedha za viti vyake. Serikali ikamjibu kwa masikitiko kwamba haiwezi kumlipa, kwa sababu ikimlipa itakuwa ilikuwa inadaiwa, na hilo litakuwa tusi kwa sherehe. Ikamshauri awadai waliokaa. Akaenda Mahakama Kuu ya Haki Ndogondogo, mbele ya Hakimu Mtukufu Zegela. Kesi ilisikilizwa asubuhi moja. Bi. Mwajabu hakuitwa, mahakama ikiona si heshima kumsumbua mtu wa umri ule. Ushahidi ulikuwa ile picha.

Hukumu ikasema hivi: aliyekaa muda mrefu kuliko wote ndiye aliyefaidi kuliko wote. Kwa hiyo alipe deni la mtaa mzima.

*

Bi. Mwajabu aliijua hukumu hiyo siku walipokuja kumkamatia mali.

Aliyekuja ni Dalali wa Mahakama, Bwana Kamguna, na wapagazi wanne waliovaa tai. Kamguna alikuwa mtu mwenye adabu sana. Alibisha hodi mara tatu. Alivua viatu mlangoni asichafue mkeka, kisha akaukunja mkeka, akampa mpagazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mbona unakunja mkeka hujaukalia?"

"Nimekuja kukukamatia mali kwa amri ya mahakama. Naomba kwanza maji ya kunywa. Sheria inataka tukamate kwa undugu."

Akapewa maji. Akanywa, akashukuru, akaikamata na bilauri.

Bi. Mwajabu akasomewa hati yote, ukurasa kwa ukurasa, naye akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa subira. Alikuwa amelea watoto saba na waume wawili.

"Kwa hiyo nadaiwa kwa kukaa," akasema.

"Kwa kukaa, Bibi."

"Na nilipotaka kusimama nikakatazwa."

"Hilo halimo kwenye hati."

Wapagazi wakabeba kitanda, kabati, redio isiyo na betri, na kuku mmoja aliyekuwa anaatamia. Bi. Mwajabu akawapisha njia. Ila walipoingia jikoni wakalishika sufuria kubwa lililoinamishwa pale pembeni, akasimama mlangoni akaweka mikono kiunoni.

"Hilo hapana."

Sufuria lile si la kupikia chai. Lilikuwa na tumbo pana la kumeza gunia la mchele, na kuliinua kulitaka watu wanne, kwa hiyo wanawake wa mtaa walilipa jina la Mheshimiwa. Miaka thelathini na ushei, hakuna aliyeolewa wala kuzikwa Mtaa wa Chini asipikiwe na Mheshimiwa. Wanawake kumi na saba walichanga wakalinunua. Bi. Mwajabu siku ile ya mchango hakuwa na senti, akasema, "Mimi nitachanga pembe ya jiko langu." Tangu hapo analitunza yeye. Analisugua kwa mchanga mpaka anajiona uso.

Na Jumamosi ilikuwa arobaini ya Bi. Kidawa, shoga yake wa tangu usichana. Kidawa, kabla hajakata roho, alimshika mkono akamwambia, "Mwajabu, watu wasiondoke kwangu na njaa." Hayo tu. Hakuacha wosia mwingine.

"Si langu hilo, baba," Bi. Mwajabu akasema. "Ni la mtaa. Ligeuze, utaona."

"Bibi, mimi sigeuzi. Mimi nabeba. Kilichomo ndani ya nyumba ya mdaiwa ni cha mdaiwa."

"Hata wewe umo ndani."

Kamguna akatazama huku na huku, akatoka nje haraka. Lakini sufuria likatoka naye. Mnada ulipangwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Habari ikapaa mtaani kwamba Mheshimiwa amekamatwa. Watu wakatoka majumbani wakishangilia, wengine wakapiga vigelegele, fundi cherehani mmoja akafunga duka kwa furaha. Walipoambiwa ni sufuria, wakakaa chini wakalia.

*

Jumatano asubuhi Bi. Mwajabu akafika mahakamani kuweka pingamizi. Alisindikizwa na jirani yake Mama Tunu, mwuza vitumbua, mwanamke mwenye mdomo usio na breki.

Dirisha la Pingamizi lilikuwa limefungwa. Juu yake pameandikwa: *Dirisha hili hufunguliwa kwa mtu asiye na malalamiko.*

"Sasa asiye na malalamiko atafuata nini hapa?" Mama Tunu akauliza.

"Kusalimia," akajibu karani kutoka ndani.

"Basi mimi sina malalamiko," Bi. Mwajabu akasema. "Nina salamu."

Dirisha likafunguliwa. Karani akampa fomu, akamwonyesha benchi. "Keti hapo, Bibi, uitwe."

Bi. Mwajabu akalitazama lile benchi kama mtu anayetazama nyoka.

"Benchi la nani hilo?"

"La serikali."

"Nitasimama."

"Bibi, foleni ni ya siku nzima."

"Nilikaa siku nzima kwenye kiti cha watu, nikaondoka na deni. Nikilala kwenye benchi si mtachukua nyumba?"

Akatandika kanga yake sakafuni. Kisha akakumbuka sakafu nayo ni ya serikali, akaikunja, akasimama. Alisimama asubuhi, akasimama adhuhuri, magoti yakilia kama mlango mbovu. Waliokuwa benchini wakaanza kutazamana. Mmoja akainuka. Kisha wa pili. Kufikia alasiri benchi lilikuwa tupu, na watu ishirini na wawili wamesimama wameegemea ukuta, wakiuliza ukuta ni wa nani.

Akapangiwa kusikilizwa Alhamisi. Wa kwanza kwenye orodha, kwa kuwa alikuwa anawatia watu wasiwasi.

*

Hakimu Mtukufu Zegela aliingia saa nne. Mbele yake alitembea karani aliyebeba muhuri wa mahakama juu ya sinia kubwa la shaba, na nyuma yake mwingine aliyebeba chai. Bwana Bakunda alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti chake mwenyewe alichokuja nacho. Dalali Kamguna alisimama kando ya vielelezo, yaani kitanda, kabati, kuku, na Mheshimiwa.

"Mdaiwa na aketi," Hakimu akasema.

"Mdaiwa anashukuru, atasimama."

Hakimu akasafisha koo. "Mahakama hii, ambayo ni jicho la wasioona, sikio la wasiosikia na tumbo la..." Akatafuta neno, hakulipata, akapitiliza. "Una pingamizi gani?"

"Sufuria si langu, Mheshimiwa."

"Limekutwa kwako."

"Na mimi nimekutwa kwako leo. Ni wako?"

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Ushahidi!"

"Ligeuzeni."

Wapagazi wakalipindua sufuria. Chini ya masikio yake, mahali ambapo moto haufiki, palikuwa na vidoa vidoa vilivyogongwa kwa msumari. Wanaume wote pale mahakamani waliona vidoa. Wanawake waliona majina. Maana mwanamke yeyote wa nchi ile, akinunua chombo, kabla hajakitia maji hukitia alama chini. Huyu atagonga msumari, yule atapaka rangi ya kucha, mwingine atachora kwa ncha ya kisu. Vyombo husafiri kwenye shughuli za watu, na bila alama havirudi.

Bi. Mwajabu akainama, akaweka kidole. "Msalaba huu ni wa marehemu Kidawa. Nukta tano hizi ni za Mama Tunu. Mwezi mchanga huu, wa mke wa imamu. Hii mistari miwili na duara..." Akamtazama Hakimu.

"Endelea!"

"Ni ya mke wako, Mheshimiwa. Alichanga mwaka aliofiwa na baba yake."

Hakimu akakohoa.

"Na yangu mimi ni unyayo wa kuku," akaendelea. "Mistari mitatu na kisigino. Tafuteni hapo. Haumo. Sikuchanga."

Wakatafuta. Haukuwemo. Bwana Bakunda akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Mheshimiwa! Huyu bibi anatuchezea! Kama sufuria si lake, basi vyombo vyake viko wapi? Amevificha!"

"Sikuvificha," akasema Bi. Mwajabu. "Vilitoka na pilau, havikurudi."

Hakimu Zegela akafumba macho. Waliomjua walijua anafikiri, maana alikuwa akikoroma kidogo. Alipofumbua, alikuwa na tabasamu la mtu aliyeona njia ya kumpa mwenye viti haki yake bila kumuudhi mke wake.

"Naamuru ifuatavyo. Kitu ni cha mwenye alama. Sufuria lisilo na alama ya mdaiwa lirudi kwake kwa niaba ya wenyewe. Lakini! Kila chombo chenye unyayo wa kuku kikamatwe mara moja, popote kilipo, kwa yeyote kilipo, bila kuogopa cheo, sura wala shemeji. Nao mnada wa kesho uko palepale."

Bwana Bakunda akapiga makofi. Karani akagonga muhuri. Na katika nchi ile muhuri ukishagongwa hauwezi kugongolewa, kwa sababu mashine ya kugongolea ilikuwa bado haijaletwa.

"Dalali," Hakimu akasema, "tekeleza."

Kamguna alikuwa mtu wa kutii amri, tena kwa herufi. Akaangalia kilichokuwa karibu naye kuliko vyote. Akauondoa muhuri kwa heshima, akaliinua lile sinia la shaba, akaligeuza.

Unyayo wa kuku. Mkubwa, umegongwa vizuri.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema, akaikunjua hati. "Naomba maji ya kunywa."

"Kamguna! Si hapa!"

"Amri inasema popote."

"Nilimaanisha popote pengine!"

"Halimo kwenye hati hilo, Mheshimiwa."

Akakinyanyua kikombe cha chai cha Hakimu, akamimina chai ndani ya kofia yake mwenyewe ili isimwagike, akakigeuza. Unyayo wa kuku. Kisahani nacho, vivyo hivyo.

"Hilo sinia," Bi. Mwajabu akasema taratibu, "nilikuletea wali wa harusi ya Kidawa. Wewe ulikuwa karani mdogo, ukasema una kazi nyingi, utumiwe."

*

Hapa lazima ieleweke tabia ya wakubwa wa nchi ile. Mkubwa hakwenda kwenye shughuli ya mtu wa Mtaa wa Chini. Akienda, atakaa na nani? Lakini pilau aliipenda. Kwa hiyo kila palipopikwa, alituma salamu kwamba anasikitika sana, na nyama iwe ya paja. Naye Bi. Mwajabu, kwa miaka yote hiyo, alipakua, akafunika kwa kawa, akatuma. Sahani zilikwenda. Mkubwa kurudisha sahani ni kujishusha.

Kamguna akaanza kuzunguka Alhamisi mchana ileile. Kwa Bwana Bakunda alivua viatu, akaomba maji, akatoka na sahani thelathini na nne, mabirika matatu, na bakuli ambalo paka wa nyumba alikuwa hajamaliza kulilamba. Kwa yule shemeji wa wizarani alitoka na seti ya vikombe, mke wa shemeji akikimbia nyuma na kusema ni zawadi kutoka ng'ambo. "Kuku wa ng'ambo nao wana unyayo huu?" Mama Tunu akamwuliza kutoka barabarani.

Ijumaa alfajiri, jua likichomoza, Kamguna alikuwa kwenye jiko la Ikulu. Siku hiyo walitarajiwa wageni kutoka nje, waliokuja kuipongeza nchi kwa kutodaiwa na kuikopesha tena. Mpishi mkuu alipokwenda kupakua hakukuta hata kijiko. Wageni walilishwa kwenye majani ya mgomba. Wakaambiwa ni utamaduni, wakapiga picha.

Saa nne, saa ya mnada, uwanja wa mahakama ulikuwa umejaa vyombo mpaka getini. Na mbele ya Dirisha la Pingamizi palikuwa na foleni ambayo haijawahi kuonekana: Mkurugenzi, Katibu, Kamishna, wake zao, madereva wao. Hata mke wa Hakimu alikuwemo, kaja kufuata sinia. Karani akawapa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: *Chombo hiki ulikipataje?*

Wakazishika kalamu. Kalamu hazikwenda.

Wakiandika wamekinunua, unyayo wa kuku uko chini. Wakiandika wameazima, basi wao ndio wanaodaiwa, kuanzia mwaka ule mpaka leo. Shemeji wa wizarani akaandika *nimeokota*, akafuta, akaandika *kimejileta*.

Bi. Mwajabu alikuwa kichwani mwa foleni, amesimama.

Bwana Bakunda akamsogelea, akapunguza sauti. "Bibi yangu, haya mambo tuyamalize kiutu uzima. Mimi nimekusamehe deni."

"Hujanisamehe."

"Nimekusamehe kabisa! Mbele ya watu!"

"Husamehewi usipokosa, baba. Sitaki msamaha wako. Nataka iandikwe kwamba sikuwahi kudaiwa. Kwa muhuri uleule."

"Bibi, huo ni ukaidi sasa."

"Ndiyo. Na mnada si unaanza? Nimeona watu wa mtaani wamekuja na vijisenti vyao. Watalinunua bakuli alilolamba paka wako, walitundike ukutani na jina lako chini yake."

Bwana Bakunda akamtazama Hakimu aliyekuwa dirishani kwake juu. Hakimu akaitazama foleni. Kwenye foleni, mke wake akamtazama yeye. Macho yale yalimshusha ngazi mbili mbili, muhuri mkononi bila sinia.

Akaandika papo hapo, juu ya mgongo wa karani: *Kukaa si kukopa. Anayekalishwa hadaiwi. Bi. Mwajabu hakudaiwa jana, juzi, wala siku ya sherehe.* Akagonga.

"Basi tuvichukue vyombo," akasema Kamishna, akinyoosha mkono kwenye rundo.

Bi. Mwajabu akauzuia mkono huo kwa mkono wake. "Kitu ni cha mwenye alama. Hukumu ya mahakama hiyo, mwanangu. Mama Tunu! Leteni mikokoteni!"

*

Jumamosi Mheshimiwa alikaa juu ya mafiga tangu asubuhi, akipumua mvuke uliofika barabara kuu. Mtaa mzima ulikula. Walikula waliokwenda kumzika Kidawa na ambao hawakwenda, na sahani zilitosha kwa mara ya kwanza tangu watu wakumbuke, hakuna aliyesubiri mwenzake amalize.

Saa saba akafika dereva wa Hakimu na salamu. Mheshimiwa anasikitika sana, ana kazi nyingi. Nyama iwe ya paja.

"Mwambie aje," Bi. Mwajabu akasema, akiendelea kupakua. "Aje na sahani yake."

Alasiri wanawake walihamishia pilau iliyobaki kwenye masinia, wakalisugua sufuria kwa mchanga, wakalisuuza. Hapo ndipo hodi ilipobishwa langoni mara tatu. Alikuwa Kamguna, amevua viatu, na wapagazi wanne nyuma yake. Macho yake yalikuwa chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Lakini nina hati." Akaikunjua. "Sufuria lilikaa bohari ya mahakama siku mbili. Serikali inadai gharama za kulitunza. Lisipolipiwa, nilikamate."

Wanawake wakaweka chini walivyoshika. Hata watoto waliokuwa wanakomba ukoko waliacha.

Bi. Mwajabu akajifuta mikono kwenye kanga. Hakupandisha sauti. Alimwashiria Mama Tunu, wakalishika Mheshimiwa huku na huku pamoja na wengine wawili, wakalipindua, tumbo juu, katikati ya uwanja. Akarekebisha kanga yake. Halafu yeye, ambaye tangu Jumatano hakuwa amekaa kwenye kitu cha mtu yeyote, akajishusha polepole, magoti yakilia, akakaa juu ya sufuria.

"Haya, soma," akamwambia Kamguna. "Soma yote. Mimi sina haraka."

Kamguna akasoma ukurasa wa kwanza. Mama Tunu akaja, akajibana pembeni yake. Akaja mke wa imamu. Ukurasa wa pili. Wakaja wengine; waliokosa nafasi juu ya sufuria wakakaa chini kulizunguka, migongo ikiliegemea. Wapagazi wakalegeza tai zao, wakaenda kupanga foleni ya pilau.

Kamguna alipofika mwisho wa hati, hakukuwa na mtu wa kumwomba maji.

"Bibi," akasema kwa unyenyekevu, "utakaa mpaka lini?"

"Kaiulize mahakama yako," akajibu Bi. Mwajabu. "Wanajua mimi nikikaa nakaa muda mrefu kuliko wote."